Nyoka wa Kaoze na Mkono Wangu wa Kulia

Kama mtu amegongwa na nyoka sasa hivi na yuko hapo mbele yako, acha kusoma. Mpeleke hospitali. Usimfunge kamba, usimchanje, usimwite mtu wa kumnyonya damu, usimnyweshe maziwa. Mvulishe pete na bangili kabla hajavimba, mkono au mguu utulie, muondoke. Haya mengine utayasoma ukirudi.

Wewe uliyebaki, uliyeumwa zamani kidogo na sasa umekaa kwenye benchi la chumba cha vidonda unanusa mkono wako mwenyewe, sogea karibu. Nakuandikia wewe. Ila nikuonye mapema, mimi si mtu mpole. Niliambiwa niandike kwa upole ili watu wafarijike. Nikajaribu, nikaona ninadanganya, nikachana.

Naitwa Oliva, wengi wananiita Mama Leti. Ni msusi. Nina kibanda Sumbawanga mjini, mimi na mwenzangu Zuhura, na kabla ya haya yote bibi harusi wa mji huu akitaka mistari ya twende kilioni nyembamba isiyopinda hata kidogo alikuwa anaulizia mimi. Sijisifu bure, kaulize. Nilikuwa nasuka huku nabishana na mteja, natazama nani anapita barabarani, namkemea mwanangu, na vidole vinajua vyenyewe vinakokwenda. Sikuwahi kusoma sana. Nilikuwa na hivyo vidole, basi.

Mimi kwetu ni Chala, huku juu kwenye baridi. Mume wangu, Baba Leti, kwao ni Milepa, kule bondeni. Tuna shamba la ufuta Kaoze, na kila mwaka wakati wa kuvuna nafunga kibanda kwa muda, namwachia Zuhura wateja, nashuka. Mwaka ule Baba Leti alibaki mjini na binti yetu kwa sababu ya shule. Nikafikia kwa mama mkwe, na asubuhi tukaenda shambani watu watatu: mimi, yeye, na Kalisto, mdogo wa mume wangu.

Wasiolijua bonde wanadhani Rukwa yote ni upepo na masweta. Weee! Kule chini jua linawaka mpaka mchanga unakuchoma kupitia kandambili. Ardhi imepasuka, na pale ziwa liliporudi nyuma limeacha uwanda mtupu, chumvi na vumbi, hakuna hata kichaka cha kujisitiri. Ndiko anakoishi yule mshenzi.

Ufuta ukishakatwa unafungwa vitita, na vitita vinasimamishwa vikiegemeana mpaka vikauke. Maganda yakianza kupasuka unakibeba kitita taratibu kama unabeba mtoto aliyelala, unakipindua juu ya turubai, unakigonga, mbegu zinamwagika. Kwa hiyo hukiinui kwa pupa. Unainama, unaingiza mkono chini kabisa kwenye shina. Nikaingiza mkono.

Sikusikia kung'atwa. Nilisikia moto, hapa kati ya kidole cha shahada na cha kati. Nilipovuta mkono nikamwona akijizika kwenye mchanga, anatikisa mwili ubavu ubavu na mchanga unamfunika. Mfupi. Kutoka kiwiko changu mpaka ncha za vidole, hazidi hapo. Mnene, rangi ni ya mchanga wenyewe na madoa meusi mgongoni, na juu ya macho magamba yameinuka, utadhani ana nyusi. Aliniangalia kwa dharau. Najua watu watasema nyoka hana dharau. Wewe hukuwepo.

"Usiogope shemeji, usiogope!" Kalisto akaja mbio na jembe. Akamponda kichwa, akampiga picha kwa simu, halafu akachomoa mpira wa baiskeli uliokuwa umefungia turubai letu, akanifunga juu ya kifundo cha mkono. Alivuta kwa mikono miwili, akamalizia kukaza kwa meno. Nilipiga yowe kubwa la mpira kuliko nilivyopiga la nyoka.

"Huu asifungue mtu," akasema. "Anayefunga ndiye anayefungua. Akifungua mwingine, sumu inapanda moyoni hapo hapo."

Ndivyo wanavyoamini nyumbani kwa mume wangu. Baba yao marehemu alikuwa mfungaji wa watu walioumwa na nyoka, na alikuwa akimfunga mtu hamwachi, anaandamana naye, anakaa naye, na hakawii kumfungua. Kalisto alirithi kufunga. Kuandamana akakusahau.

Kulikuwa na pikipiki moja tu, ya bodaboda aliyekuja kubeba magunia. Nikapakiwa katikati, mama mkwe nyuma akinishikilia, na Kalisto akabaki kulinda ufuta kwa sababu ng'ombe wa wafugaji walikuwa wameshaanza kusogea. Hakuna aliyefikiria. Mimi mwenyewe sikufikiria, nilikuwa natapika. Tulikuwa tumekwenda mbali ndipo ikaniingia akilini kwamba mwenye kufungua tumemwacha nyuma.

Zahanati tulimkuta nesi peke yake, binti mdogo tu, na benchi limejaa akina mama na watoto wa kliniki. Akautazama mkono, akabadilika uso. Vidole vilikuwa vimeshapoteza rangi na huku juu ya mpira nako kumeanza kuvimba.

"Huu mpira lazima utoke, tena polepole, niwe nimeshakuwekea dripu," akasema. "Na dawa ya sumu ya nyoka hapa sina. Inabidi mpande mjini."

"Dripu weka," mama mkwe akamjibu. "Mpira hautoki. Aliyeufunga yuko Kaoze."

"Mama, huo mkono utaoza."

"Bora mkono kuliko roho. Wewe umezaliwa juzi, umezika watu wangapi wa nyoka?"

Nikapiga kelele. Nilisema kata! Kateni huu mpira, mkono wangu unakufa, mnaniangalia nini? Nikamwambia mama mkwe maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Na yule mama akageuka akawatazama watu, kwa huruma kabisa, akasema, "Mnamsikia? Sumu imeshafika kichwani. Huyu mkwe wangu hajawahi kunipandishia sauti tangu aolewe."

Ni kweli, sikuwahi. Na heshima yangu ya miaka yote ikageuka kuwa ushahidi dhidi yangu.

Nesi akampigia mume wangu. Nilimsikia Baba Leti kwenye spika. "Sista, nakuomba, mngojeni mdogo wangu. Msije mkaniulia mke." Nikalia, nikasema Baba Leti, mimi ni Oliva, nina akili zangu, waambie wakate. Akasema, "Pole mke wangu. Hiyo ni sumu inaongea."

Yule nesi simlaumu sana. Alijaribu kusogea na mkasi, mama mkwe akaweka kiti mlangoni pa chumba cha dripu akakaa, na akina mama wa kliniki wote wako upande wake. Kalisto hapatikani kwenye simu, Kaoze mtandao unakuja ukipenda. Bodaboda akarudi kumfuata. Tukangoja. Nimewahi kungoja vitu vingi maishani, mtoto kuzaliwa, mume kutoka safari, matokeo ya mtihani, lakini kungoja mtu aje kufungua fundo ambalo mtu yeyote pale angelifungua, jamani, hapana. Nilihesabu vidole vyangu kwa kuvigusa na mkono wa kushoto. Kwanza vilikuwa vinauma. Halafu vikawa vinawaka. Halafu nikavigusa nikaona nagusa vitu vya mtu mwingine.

Kalisto alifika jua limeinama. Aliingia kwa adabu zote, akatoa kofia, akalegeza mpira kidogo kidogo kama nesi alivyomwelekeza, huku midomo inacheza kwa sala. Mama mkwe akasema asante Mungu. Ulipoachia, maumivu yaliyoingia mkononi yalinifanya nijikojolee mbele za watu. Hapo ndipo tukapata gari la kupanda mlima.

Hospitali mjini niliingia nikiwa nimevimba mpaka begani. Fizi zinatoa damu, mkojo mwekundu, ngozi ya mkono imeota malengelenge makubwa ya maji meusi. Daktari aliangalia ile picha ya Kalisto, akamwita mwenzake, wakaipeleka kwa mtu wanayemfahamu anayesoma habari za nyoka. Jibu lilikuja kwamba huyu si moma kama tulivyodhani. Ni wa jamii hiyo hiyo, mdogo, anaishi kwenye uwanda wa joto na mchanga, na ni wachache waliomchunguza. Dawa iliyopo haikutengenezwa kwa ajili yake. Niliwekewa hivyo hivyo, kwa kubahatisha. Nikasema, hata nyoka nimepata ambaye hana jina la kumtukania.

Sitakueleza sumu inafanyaje kazi, sijui. Nitakueleza inavyonuka. Mkono wangu ulikuwa unanuka kiasi kwamba mgonjwa wa kitanda cha jirani aliomba kuhamishwa, na mimi sikuwa na pa kuuhamishia. Walinipeleka chumba cha upasuaji mara ya kwanza kutoa nyama iliyokufa. Kabla ya nusu kaputi nikamwambia daktari, mimi ni msusi, tafadhali. Akasema, "Nimekusikia mama." Nilipoamka vidole vyote vilikuwepo, vimefungwa. Nikashukuru mapema mno.

Mara ya pili walikata viwili. Cha shahada na cha kati. Kidole gumba kilibaki lakini kimekakamaa. Baada ya siku chache nilimuuliza daktari swali moja tu, nikamwambia asinifiche, ni nyoka au ni mpira? Akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nyama ya mgongo wa mkono ingekufa hata bila mpira," akasema. "Vidole vilikosa damu muda mrefu. Siwezi kuapa, lakini nadhani vidole tungeviokoa."

Nashukuru alinijibu. Nilijifunika blanketi nikalia mpaka nikaishiwa. Sikuwa nalilia uzuri wa mkono. Nilikuwa nalilia kazi yangu. Msusi kidole cha shahada na cha kati ndivyo vinavyochukua nywele na kuzigawa. Gumba linashikilia tu.

Ukitoka wodini ndipo ugonjwa wenyewe unapoanza, hilo hukuambiwa. Wodini unabebwa. Ukitoka unakwenda kuoshwa kidonda kila baada ya siku mbili, na kwangu ilikuwa ndiyo kipupwe cha Sumbawanga, upepo unapiga tangu alfajiri na benchi la chumba cha vidonda liko barazani. Tunakaa pale tumejifunga mablanketi, kila mtu anamtazama mwenzake kidonda. Bendeji imegandia nyama, ukifikiria inavyobanduliwa unatamani kurudi nyumbani kabla hujaitwa. Kulikuwa na mzee mmoja wa Chala, mguu umeungua moto, tulisalimiana tu, shikamoo, marahaba, akagundua mimi ni wa kwao. Tangu siku hiyo hakuniacha. Nikipiga kelele ndani, nikitoka ananiuliza, "Leo umeimba wimbo gani? Maana ubeti wa pili hatukuusikia vizuri." Nilimchukia kwa wiki nzima. Halafu nikawa nikifika na sijamwona nakosa raha.

Na nesi wa zamu ya asubuhi, ambaye hacheki na mtu, alikuwa anaweka chupa ya maji ya chumvi kwenye beseni la maji moto kabla hajanimwagia. Hakuna aliyemwagiza. Wengine walikuwa wanamwaga yakiwa ya baridi vile vile. Nilimwona tu siku moja. Kama wewe ni nesi na unasoma hii, pasha hayo maji.

Mwili nao ukaniasi. Nywele zangu zikaanza kutoka, zinabaki kwenye mto kwa mafungu. Msusi kipara! Zuhura alikuwa anakuja jioni na uji wa ulezi, akaziona, akanifunga kitambaa bila maneno mengi. "Shosti, zitaota. Kunywa uji," basi. Nikashindwa kufunga sidiria, nikashindwa kumenya ndizi, nikashindwa kujitawaza vizuri kwa kukosa mkono wa kumwaga maji. Baba Leti alikuwa ananiogesha, na alikuwa ananiogesha vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Lakini nikimwambia kitu kikali, anaacha sabuni, ananitazama kwa zile huruma zake, anasema taratibu, "Sumu bado haijaisha mwilini."

Hapo ndipo nilipotaka kuua mtu. Nikikataa chakula, sumu. Nikigombana na jirani aliyekuja kuchungulia mkono kama anakuja kutazama sinema, sumu. Nikisema mlinikatisha vidole ninyi, sumu. Nyumba nzima iliamini kwamba Oliva halisi ni yule wa zamani anayesema ndiyo mama, na huyu anayefoka ni nyoka. Hata Leti, mwanangu, akaniuliza siku moja, "Mama, nyoka akitoka utakuwa umepona?" Nilimshika kwa mkono ule wa bendeji, akashtuka, akajivuta. Hakufanya kusudi. Lakini ilikata.

Nikuambie wewe uliye kwenye benchi: hasira yako ni yako. Usikubali wakuambie ni ugonjwa.

Nyasi zilipoanza kuchomwa milimani, moshi umetanda kila jioni, walinipandikiza ngozi. Waliitoa pajani. Paja liliuma kuliko mkono, hilo nalo jiandae. Ngozi ikashika. Daktari akafurahi, akanipeleka kwenye mazoezi, kukunja na kukunjua, kubana mpira laini, kuokota maharage na gumba na kidole cha pete. Niliokota maharage mpaka nikayachukia kwenye sahani.

Na wakati mimi naokota maharage, Kalisto alikuwa anapata jina. Habari zilienea bonde zima kwamba shemeji yake aligongwa na nyoka asiyejulikana, Kalisto akafunga, na mtu yu hai. Watu wakaanza kumwita. Huyu kaumwa Milepa, mwiteni Kalisto. Yule kaumwa huko mbugani, Kalisto na mpira wake. Uhai wangu ukawa tangazo lake la biashara. Nami nashindwa kulala nikifikiria mikono ya watu.

Nisiwe mwongo, Kalisto si mtu mbaya. Ufuta wangu wote aliupura mwenyewe, akaupepeta, akauleta mjini, haukupungua hata konzi. Alikuwa anakuja kuniona kila akipanda mjini, anakaa ukingoni mwa kochi, anashindwa kuutazama mkono. Ningekuwa nimemkuta mbaya ningepumzika.

Mvua za kwanza zilipoanguka, ukoo ukaitisha sala ya shukrani Milepa. Majirani wamealikwa, jogoo wamechinjwa, kwaya ya jumuiya imekuja. Sikutaka kwenda. Baba Leti alinibembeleza, "Ni kumshukuru Mungu tu, mke wangu." Kumbe kulikuwa na jingine. Baada ya sala baba mdogo wa mume wangu akasimama, akasema sasa tunamwomba mkwe wetu aje mbele, amshike mkono aliyemwokoa, amwambie asante mbele ya mashahidi.

Kalisto akasimama, ameinamisha kichwa. Mama mkwe kwenye mkeka wa mbele ananitazama. Nikaenda. Nikafungua kitambaa nilichokuwa nafunikia mkono, nikauinua watu wauone mpaka wa nyuma.

"Nimshukuru kwa kipi?" nikauliza. "Kwa cha shahada au kwa cha kati?"

Mtu mmoja akaguna. Baba mdogo akasema, "Mama Leti, taratibu."

"Taratibu ya nini? Mnawaita watu kuwaonyesha mimi nimepona kwa mpira. Mpira ndio uliofanya hivi. Nesi alitaka kuukata, mkamkatalia. Mimi mwenyewe nilisema, mkasema ni sumu. Kesho mtamfunga mwingine, na hatakuwa mkwe, atakuwa mtoto wa kumzaa."

"Bado haijatoka," nikamsikia mwanamke mmoja ananong'ona nyuma, kwa kusikitika kabisa. "Maskini, bado iko kichwani."

Waliimba. Kwaya ikaanza wimbo ili kunifunika, nami nimesimama pale na mkono wangu juu. Baba Leti akaja akanishika kiuno akanitoa nje kwenye mvua. Tulipofika nyumbani akatandika godoro lake sebuleni. Tulikaa hivyo mpaka mahindi yakaota.

Nikarudi kibandani. Sikurudi kusuka, nilirudi kukaa. Zuhura anasuka, mimi napokea wateja, nafumua rasta kwa mkono wa kushoto, nafagia nywele. Nilijaribu mara moja kwenye kichwa cha Leti. Nilitumia gumba na kidole cha pete, na kile kidogo kama msaidizi. Mstari ukaenda vizuri mpaka katikati, halafu ukapinda kama njia ya ng'ombe. Leti akajitazama kwenye kioo, akasema, "Imependeza mama." Mtoto mdogo, anadanganya kwa huruma. Nikafumua. Sikugusa tena kichwa cha mtu.

Halafu ikaja siku ya soko, mahindi mabichi yamejaa barabarani, kibanda kimejaa wateja wanangojea. Mama mkwe akaingia. Hakuwa amesema anakuja. Amevaa kitenge chake cha kanisani, kilemba kichwani, matope ya Milepa bado kwenye viatu. Watu wakampisha, shikamoo mama, shikamoo. Mimi nikasema shikamoo kwa sababu mdomo umezoea.

Hakuitikia. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha mteja, kile cha Zuhura, akakaa. Akafungua kilemba. Sikuwahi kuziona nywele za mama mkwe tangu niolewe. Ni nyeupe zote, laini, chache.

"Nisuke," akasema.

Zuhura akachukua kitana.

"Si wewe mwanangu. Yeye."

"Mama, mimi sisuki tena," nikasema. "Unajua kwa nini sisuki."

"Najua."

Nilitaka kumwambia aondoke. Nilikuwa nayo maneno yote tayari, niliyapanga miezi mingi usiku na mchana. Lakini alikuwa ameshainama, kisogo kipo mbele yangu, na nywele hazijachanwa. Nikashika kitana changu kwa kushoto. Nikagawa. Nikaanza mstari wa kwanza na vidole vyangu vilivyobaki, na nakiri kwamba nilivuta. Nilivuta kwa nguvu kuliko inavyotakiwa kwa nywele za mtu mzima. Mabega yake yakakakamaa, hakusema ah.

Mstari ukapinda. Wa pili ukapinda zaidi. Zuhura akaninong'oneza kwamba atarekebisha baadaye, mama mkwe akasema, "Usiguse." Tuliendelea hivyo. Jasho linanitoka, gumba linauma mpaka kwenye bega, na mtu anaingia, mwingine anatoka. Halafu akaingia mama mmoja muuza vitenge, mcheshi, hana habari za mtu. Akatazama kile kichwa akaangua kicheko.

"Eh, mama yangu! Nani kakusuka hivi? Huyo kafunzwa na kuku?"

Mama mkwe hakuinua kichwa. Aliongea akiwa ameinama vile vile, sauti inatoka chini, lakini kibanda kizima kilisikia.

"Ni mkwe wangu. Alikuwa msusi kuliko wote hapa mjini. Nesi alikuja na mkasi kuuokoa mkono wake, mimi nikaweka kiti mlangoni nikakaa. Yeye alikuwa anasema kweli, na mimi nikawaambia watu amechanganyikiwa. Juzi Kalisto alikuja kumfunga mtu pale Milepa. Nimemnyang'anya mpira. Nimewaambia watu mpakizeni kwenye gari."

Muuza vitenge akatafuta pa kuangalia. Zuhura amesimama na kitana hewani. Nilikuwa nalia, na nilikuwa bado na hasira naye kiasi cha kutapika. Vyote kwa pamoja.

Nikamwambia, "Inamisha kichwa mama, upande wa kushoto sijamaliza."